Wana Arusha na Moshi, mnathamini nini zaidi kwenye hii nchi?

dada_wa_sakina:
Habari zenu wakuu. Nina ndugu zangu wako Marekani, kila tukiongea wananiuliza hivi huko Bongo mnang'ang'ania nini, na naona jibu la "amani na utulivu" haliwatoshi na kwa kweli hata mimi halinitoshi. Msinijibu Mlima na mbuga, hizo hata mgeni wa wiki moja anazijua. Nataka kile ambacho ukihama kesho utakikosa.

Mi naanza na Soko la Kilombero hapa Arusha. Ukiingia asubuhi unakuta vitunguu vya Mang'ola, mchele wa Magugu, tangawizi ya Same, ndizi za Moshi, mama wa Kimasai na maziwa yake, na wote mnapatana bei kwa Kiswahili kimoja. Hakuna anayekuuliza kabila ndo akupunguzie. Ukishakuwa mteja wake ni mteja wake, anakuwekea na nyongeza, na usipoonekana wiki mbili anauliza kulikoni, unaumwa?

mzee_wa_pasua:
Mwanangu umeanza vizuri. Jibu langu mimi ni msiba. Mtu akifariki mtaani kwetu hapa Moshi usiku, kukipambazuka tu turubai limeshafungwa, viti vimeshakuja, kuna daftari mezani na kijana anaandika nani katoa elfu mbili nani katoa elfu kumi, kina mama wako nyuma wanamenya ndizi za mtori na wengine wao marehemu walimjua kwa salamu tu. Na mtaa umechanganyika, Walutheri, Wakatoliki, Waislamu, basi mnyama wa kuchinja anaitwa ndugu Muislamu achinje ili kila mtu ale, hakuna kikao kilichowahi kukaa kuamua hilo, linajulikana. Iddi tunaletewa pilau nyumba kwa nyumba, Krismasi na sisi tunapeleka, maana sahani ya jirani hairudi tupu.

Nilikaa nje kikazi, nchi siitaji. Jirani wa mlango wa pili alifariki, nikaja kujua ameshazikwa zamani. Sitaki kuishi hivyo tena.

chalii_ngarenaro:
Aisee mzee umeongea. Mi naongeza Kiswahili, ila watu wanakisema kama vile kilianguka tu kutoka juu, hapana, kuna kazi ilifanyika. Makabila zaidi ya 120, hakuna hata moja kubwa kiasi cha kuwaburuza wengine, halafu Mwalimu Nyerere na wenzake wakachanganya watu makusudi, mtoto wa Rombo anapangiwa sekondari Tabora, wa Songea anakuja Ilboru, mwalimu anapangiwa popote, na Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) tangu 1963 hivyo hivyo. Mi nimesoma bodi, kitanda cha juu Mmakonde, cha pembeni Mhaya, tumekopeshana sabuni miaka minne, leo hii uniambie nimchukie mtu kwa kabila naanzia wapi?

Na utani!! Mchagga anaambiwa anapenda hela, Mpare anaambiwa bahili na mpenda kesi, wanataniana mpaka msibani, halafu wanaoana.

mwana_sanawari:
Naomba niongee kama mtoto wa mtu aliyepokelewa. Mama yangu alitoka Burundi 1972 akiwa mtoto, wakapelekwa Ulyankulu kule Tabora, na wale hawakuachwa kukaa kwenye mahema kusubiri mgao, walipewa ardhi wakalima, na miaka mingi baadaye zaidi ya watu 160,000 wa kundi lile wakapewa uraia. Sikia hiyo namba vizuri, ni uraia kabisa.

Mi nimekulia hapa Arusha kwa hiyo mazungumzo ya amani ya Burundi nyumbani kwetu yalikuwa yanafuatiliwa kuliko mpira. Mwalimu ndo alikuwa msuluhishi mpaka alipofariki Oktoba 1999, akapokea Mandela, mkataba ukasainiwa hapa hapa tarehe 28 Agosti 2000. Na pale AICC, kituo cha mikutano cha kimataifa, ndo ilikuwa mahakama ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, mpaka ilipofungwa mwisho wa 2015. Watu wanapita pale kwenda zao mjini kila siku. Mi nikipita nakumbuka kuna mji watu walikuja kutafuta kupona na mji huo ndo ninaolala.

dada_wa_sakina:
Ndugu yangu hii nawatumia Marekani kama ilivyo. Asante sana, na mama apewe shikamoo yangu.

mangi_wa_uru:
Mi nathamini kihamba, shamba la ukoo la sisi Wachagga. Migomba juu, kahawa chini yake, magimbi na mboga chini zaidi, ng'ombe zizini anakula majani ya mgomba na samadi inarudi shambani. Maji yanashuka kwa mfongo, yaani mfereji uliochimbwa na mababu, yana zamu, na siku ya kusafisha mfereji usipotokea na jembe unalipa faini. Kahawa hiyo ndo ilisomesha wazee wetu, KNCU, chama chetu cha ushirika, ipo tangu 1933. Desemba wote tunapanda mlimani, nyumba iliyofungwa mwaka mzima inajaa watoto wanaojuana kwa mara ya kwanza. Hata nikose kazi mjini, nina pa kurudi.

binti_machame:
Mangi kwa heshima zote, una pa kurudi kwa sababu wewe ni mwanaume. Kwetu kihamba cha baba ni cha kitinda mimba wa kiume, mimi na dada zangu hatumo kwenye hesabu. Mi ninachothamini kwenye nchi hii ni Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za 1999, zimesema wazi mwanamke ana haki ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi sawa na mwanaume. Baba alipofariki ukoo ulimtaka mama aondoke. Alisimama na sheria hiyo mkononi, akazungushwa sana, ila yuko pale mpaka leo, na ndizi anazouza ni zake.

mangi_wa_uru:
Dada nimekuelewa. Nina mabinti na sipendi waje kuhangaika hivyo. Naanzia wapi?

binti_machame:
Kaka wewe uko hai kwa hiyo kwako ni rahisi. Andika wosia sasa hivi, wataje mabinti kwa majina kamili, na kila kipande ukieleze mipaka yake, kutoka mgomba upi mpaka mfongo upi, usiandike "wagawane". Mashahidi wasiwe warithi. RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, wanasaidia kuandika na wanautunza, usiuache kabatini kwa mtu. Halafu waite watoto wote, wa kiume na wa kike, uwaambie kwa mdomo wako mbele ya wazee wa ukoo. Mgogoro ukianza baraza la ardhi la kijiji linasuluhisha tu, la kata nalo hivyo hivyo, ikishindikana mnaenda baraza la wilaya na huko ndo miaka inapotea. Desemba hii mkiwa wote mlimani ifanye.