Kwenye ripoti mimi ni naibu meneja, getini ni karani: je, hii inahesabika?

Abwoli_Hoima
Wandugu, naomba ushauri wa waliowahi kufanya kazi kwenye miradi ya mafuta huku Bunyoro, magharibi mwa Uganda.

Mimi ni mzaliwa wa Buliisa, naishi Hoima. Huu ni mwaka wangu wa pili kwa mkandarasi mdogo anayepeleka mizigo kwenye visima. Kazi yangu ni kukaa getini na daftari: lori limeingia saa ngapi, limebeba nini, dereva ana leseni au hana. Wiki iliyopita nilitumwa kutoa nakala za karatasi za ofisini, nikakuta orodha ya wafanyakazi inayopelekwa kwa kampuni kubwa. Jina langu limo, namba ya kitambulisho changu cha taifa imo, na mbele yake: Naibu Meneja wa Usafirishaji. Mshahara wangu haujabadilika hata shilingi. Naibu meneja tunayemjua sote ni mgeni, si Mganda. Humo ameandikwa "mshauri".

Nilimwambia baba. Alichosikia ni "naibu meneja" tu, akafurahi, akaita majirani. Nilishindwa kumkatiza, na tangu siku hiyo sina usingizi. Sheria ya kuajiri Waganda inahesabu jina la cheo au kazi yenyewe? Wakaguzi wakija, niseme nini?

MamaRipoti
Pole sana, Abwoli. Nimeandaa ripoti za namna hiyo miaka minne, kwa hiyo nakueleza ninachokijua.

Kanuni za 2016 za ushiriki wa Waganda kwenye mafuta zinagawa wafanyakazi makundi. Kwenye uongozi, Waganda wawe angalau 30% mwanzoni, wafike 70% ndani ya miaka mitano na 80% ndani ya kumi. Mafundi na wataalamu ni 40%, kisha 60%, kisha 90%. Kazi za kusaidia ni 95%. Hizo 95% hazimtoi mtu jasho: askari, wapishi, madereva, wote wanapatikana hapa hapa. Jasho liko kwenye uongozi. Mkandarasi ambaye hataki kumfundisha Mganda kazi ya meneja anachukua jina la karani analipandisha safu ya juu kwenye jedwali, na kiti kinabaki na mgeni yule yule.

Kinachotakiwa ni kazi. Ndiyo maana Sheria ya Petroli ya 2013 inadai mpango wa kila mwaka wa kuajiri na kufundisha Waganda. Omba maelezo ya kazi yako kwa maandishi. Tunza karatasi za mshahara. Usisaini chochote chenye cheo usichokifanya, maana siku ya ukaguzi saini hiyo itakuwa ushahidi juu yako. Na kwenye sajili ya wataalamu wa mafuta na gesi ya Mamlaka ya Petroli, jiandikishe kwa sifa zako za kweli.

Fundi_wa_Bomba
Dada Abwoli, mimi ni mchomeleaji, nami ni wa Buliisa. Watu wasije wakadhani asilimia hizi ni bure. Bila hizo nisingelipiwa mafunzo, nisingepata cheti cha kuchomelea mabomba. Leo ningekuwa bado natengeneza madirisha ya chuma sokoni.

Kinachoniuma ni hiki: kwenye jedwali Mganda ni Mganda, atoke Kampala au atoke kijiji ambacho mashamba yake yamepitiwa na bomba. Sheria ile ile imetaja jamii za wenyeji. Kwetu nimeona vijana wageni kabisa wakipewa barua ya LC1, yaani baraza la kijiji, kuwa ni wakazi, wakaingia kambini, wenyeji tukabaki nje ya uzio. Kwa hiyo jina lako la Buliisa wamelitumia mara mbili, kama Mganda na kama mwenyeji. Wewe ndiye mwenye haki ya kuuliza.

Abwoli_Hoima
Asanteni sana. Mama, nimefanya ulivyosema, nikaomba maelezo ya kazi. Msimamizi akanijibu, "Hiyo ni karatasi tu, usijali." Nikamwambia kama karatasi inasema mimi ni naibu meneja, basi nifundishwe: siku mbili kwa wiki nikae na yule "mshauri", nijifunze kupanga safari na kusoma mikataba ya magari. Alinyamaza kwa muda, kisha akasema atazungumza na meneja.

Tunaonana Jumatatu saa mbili asubuhi. Nitakwenda na barua yangu ya ajira, ile iliyoandikwa "karani wa geti".