Admini wa magrupu ya madevelopa, majibu yetu mnayazika wapi?

Wakuu, leo nimechoka na sitaficha.

Juzi saa nane usiku niko macho, mfumo wa mteja unaleta shida, mtu analipa kwa simu mara moja lakini oda inajiandika mara mbili. Hili tatizo nalikumbuka! Mwezi wa tatu kuna jamaa alilieleza vizuri sana kwenye grupu letu la WhatsApp, tena kwa voisi ya dakika nne, sasa voisi utaitafutaje kwa maneno? Nikapandisha chati, napita hepi bethidei, michango ya harusi, pole za misiba, laptop used bei poa, mpaka nikafika mwezi wa tano nilipobadilisha simu, nyuma ya hapo hakuna kitu. Nimekuja kulipata mwenyewe saa kumi na mbili asubuhi, yaani saa nne nzima kwa jibu lililoshatolewa.

Kinachoniuma, hili tulilisema mwaka jana. Nusu wakataka orodha ya imeili (unatuma imeili moja, inawafikia wote waliojiunga), nusu wakataka foramu (tovuti ya kujadiliana kwa mada), watu wakarushiana maneno wiki mbili, admini mkafunga mjadala, halafu mkatuhamishia Telegram, baadaye Discord, kila tukihama tunaanza sifuri na maswali ni yale yale.

Tangazo la Linus Torvalds la tarehe 25 Agosti 1991 kuhusu Linux, ule mfumo endeshi wa kompyuta aliouanzisha, mpaka leo unalisoma neno kwa neno, sisi jibu la mwezi wa tatu halipo!! Wale wa Linux bado wanatumiana kodi za programu kwa imeili, wa databesi ya PostgreSQL hivyo hivyo. Watu wa lugha ya programu ya Python walikuwa na orodha yao ya python-dev miaka na miaka, wakaja kuhamia Discourse, programu ya foramu, na imeili za zamani bado zinasomeka. Hawakufanana walichochagua, ila hakuna aliyetupa kumbukumbu.

Mimi binafsi napenda imeili, bando likiwepo unashusha zote, likiisha unasoma kwenye daladala bila shida. Ila nakubali dogo aliyeanza koding mwaka huu ukimwambia ajiunge kwa imeili anakukimbia, na mtu akibadilisha kichwa cha habari katikati mazungumzo yanakatika vipande. Sasa si tuweke foramu inayotuma na imeili? Discourse inafanya hivyo, unapokea kila posti na unajibu huko huko kwenye imeili yako, tunagombania nini jamani?

Admini, wiki hii nataka jibu, na msiniambie tupige kura kwenye grupu.

Na ile dawa ya oda kujiandika mara mbili naiandika hapa ikae: seva yako ikichelewa kujibu, mfumo wa malipo unatuma taarifa ile ile tena. Jibu haraka, na kwenye databesi safu ya namba ya muamala iwekee sharti la kutojirudia, ya pili ikija inakataliwa.