Tupeane uzoefu: wayaringi (nyaya zote za umeme) mpya kwenye gari la zamani, ulinunua seti gani na yalikukuta yapi?

MzigoWaUrithi

Wakuu, salaam. Nina Land Rover Series IIA ya 1966, chesisi ndefu, niliyoachiwa na marehemu baba. Wiki mbili zilizopita nilikuwa foleni ya Morocco hapa Dar jioni, mvua inapiga, nimewasha taa, waipa na kifeni nilichokifunga mwenyewe kwa ajili ya joto. Nikasikia harufu ya plastiki. Kabla sijajiuliza inatoka gari gani, moshi mwembamba ukachomoza nyuma ya dashibodi yangu. Nikafungua boneti, nikang'oa kichwa cha betri kwa mkono. Vijana wa bodaboda, Mungu awabariki, wakanisukuma hadi pembeni.

Nyumbani nimefungua dashibodi nimekuta historia ya mafundi watano. Chini kabisa waya ya kiwandani iliyovikwa uzi, juu yake waya ya nyumba, juu yake waya ya spika, na kila kiungo kimevishwa solatepu iliyogeuka gundi. Gari hii ilitoka na fyuzi mbili tu, na taa kubwa hazipiti kwenye fyuzi hata moja. Ukipiga shoti kwenye laini ya taa, fyuzi ni waya yenyewe.

Nimeamua kubadilisha yote. Sasa nina njia tatu mbele yangu: (1) seti iliyotengenezwa kwa modeli hii hii, kama zinazotengenezwa na Autosparks kule Uingereza, zenye waya za kuvikwa uzi au za ganda la plastiki (PVC); (2) seti ya jumla ya Marekani, mfano Painless Performance au American Autowire, yenye boksi la fyuzi za kisasa na saketi 12 na kuendelea; (3) fundi wa mtaa wa Gerezani hapa Dar anisukie upya kwa mkono. Naomba aliyepita hapo aseme alinunua nini na kilimkuta nini. Nadharia ninazo za kutosha.

Kitonga77

Uza hiyo, nunua Toyota IST.

MzigoWaUrithi

Mkuu, IST ninayo. Ndiyo iliyonivuta siku ile.

KobeLaKijani

Mimi na Beetle ya 1965. Nianze na kosa langu ili wengine mpone.

Beetle za kabla ya modeli ya 1967 ni volti 6. Nikataka volti 12 ili niweke redio na taa zinazoonekana. Nikampelekea fundi mmoja mzuri sana, mzee wa heshima, ila maisha yake yote ameshika Land Rover na Bedford. Sasa kwa Mwingereza waya ya kahawia inatoka betri moja kwa moja, haina fyuzi. Kwa Mjerumani kahawia ni ya bodi, yaani inafungwa kwenye chuma cha gari kurudi hasi ya betri. Mzee akakusanya kahawia zote kwa ustadi mkubwa, akazipeleka chanya ya betri. Nadhani mnaona kilichofuata. Mzee mwenyewe aliruka nyuma akasema "hii gari imerogwa".

Ikabidi ninunue seti ya modeli yangu. Ilikuja imefungwa vizuri, kila mdomo una terminali yake, nambari za Kijerumani zilezile: 30 betri, 15 swichi, 31 bodi. Kufunga ilichukua wikiendi mbili.

Linaloniuma nililigundua baadaye. Waya za volti 6 ni nene kuliko za volti 12, kwa sababu volti zikiwa nusu, taa ya wati zilezile inavuta ampea mara mbili. Kwa hiyo wayaringi yangu ya kwanza, kama isingeungua, ilikuwa inatosha kabisa kwa volti 12. Nilihitaji kubadilisha balbu, koili, dainamo ya kuchaji na katauti yake (kidhibiti chaji), na kupunguza umeme unaokwenda mota ya waipa. Stata niliiacha ileile ya volti 6, inazungusha kama ina hasira.

DatsunMbagala

Nina Datsun 1200 pikapu. Mimi ni wa njia namba 2, na sijuti ila nilisota.

Nilinunua ya saketi 21 kwa sababu ilikuwa na punguzo. Kagari kenyewe kana taa, honi, waipa na redio! Boksi la fyuzi lilikuwa kubwa kuliko nafasi ya miguu ya abiria. Madirisha ya umeme, kufuli za umeme, feni mbili za rejeta, vyote vina laini yake na mimi sina hata kimoja. Zile waya za ziada niliziviringisha nyuma ya dashibodi zikawa zinagonga kila tuta, mwisho nikazikata. Nusu ya nilicholipia kiko kwenye bajaji ya shemeji.

Kizuri: kila waya imechapwa jina lake kila baada ya sentimita chache. Inakwambia "taa ya nyuma", "honi", unafuata kama kipofu anayeshikwa mkono, ilimradi Kiingereza chako kinatosha kusoma neno moja moja.

Kibaya: imefikiriwa kwa gari la usukani wa kushoto. Fungu la waya za usukani linatokea upande wa kushoto wa boksi na limefungwa pamoja, na soketi yake ni ya usukani wa Marekani. Nililifungua lote, nikakata soketi, nikaunganisha upya kwenda kulia. Na rangi ni za Mmarekani, mchoro wa kitabu cha Datsun ukawa hausaidii tena. Nilichora wangu kwa kalamu kwenye karatasi ya manila, hadi leo uko chini ya kiti.

FundiWaya_Keko

Mimi ndiyo kazi yangu, kwa hiyo nisamehewe nikiandika kirefu.

Kijana wa Land Rover, kabla ya kununua chochote jibu maswali haya, maana muuzaji wa seti ya IIA atakuuliza hayohayo. Bodi yako ni chanya au hasi, yaani upande upi wa betri umefungwa kwenye chuma cha gari? IIA za kabla ya 1967 hivi zilitoka na bodi chanya. Inachajiwa na dainamo ya zamani au altaneta? Taa kubwa ziko kwenye grili katikati au kwenye madigadi? Petroli au dizeli? Ukikosea la taa tu, seti inakuja fupi.

Halafu chukua karatasi, hesabu laini zako. Moto wa koili, chaji, stata, taa kubwa fulu, dimu, taa ndogo, indiketa, breki, honi, waipa, geji. Ongeza ulizoweka wewe: kifeni, redio, chaja ya simu. Hata ukifika 14, ununue 21 za nini?

Kuhusu kusuka kwa mkono: inawezekana na inadumu. Nimesuka Land Rover nyingi na zinatembea. Tatizo la hii njia ni waya. Waya inayopita mtaani Kariakoo kwa bei ya kutupa mara nyingi ni alumini iliyopakwa shaba. Ikwangue kwa wembe: ikitoa weupe ndani, iache hapohapo. Inakatika kwa mtikisiko, inapitisha umeme mdogo kuliko unene wake unavyodai, na kwa hewa yetu ya chumvi inakuwa unga. Waya ya nyumba yenye msuli mmoja pia hapana, hata kama ni shaba safi. Gari linatetemeka, ukuta hautetemeki.

Seti nzuri za jumla zinatumia waya yenye ganda linalovumilia nyuzijoto 125. PVC ya kawaida inaishia 80 mpaka 105, inategemea daraja. Kwa IIA ambayo haina injini ya moto sana, PVC nzuri inatosha, ila isilale kwenye eksozi. Nimeona nyaya za seti ya bei kubwa zimeyeyuka kwa sababu aliyefunga alipitisha njia ya mkato.

Terminali: banisha kwa koleo lake maalumu. Plaizi inatafuna tu. Hilo koleo halimo kwenye seti, linunue kwanza. Wapo wanaolehemu kila kiungo. Mimi silehemu kwenye gari, maana pale risasi inapoishia waya inakuwa ngumu na ndipo inapokatikia. Najua tutabishana. Kiungo chochote cha chini ya gari kivishe ule mpira unaosinyaa kwa moto wenye gundi ndani. Ukipita Jangwani siku ya maji utanikumbuka.

Na jambo ambalo hakuna seti inayokuja nalo: bodi. Kwangu gari linalokuja na "wayaringi mbovu" mara nyingi lina kutu tu pale waya nyeusi zinapofungwa. Bodi ya Land Rover ni alumini, chesisi ni chuma, na katikati kuna maji ya bahari angani. Piga msasa, funga waya ya bodi ya peke yake kutoka nyuma hadi betri, paka grisi.

BintiUpanga

Nakazia la fundi. Mercedes yangu ni W123. Taa zilikuwa zinafifia, nikaambiwa wayaringi imekufa, nikatajiwa bei ambayo nilirudi kukaa kwanza. Kaka yangu akafungua boksi la fyuzi. Zile fyuzi zenye umbo la risasi ya bunduki, zenye ncha mbili, zilizofungwa zilikuwa za alumini, zimeota ukungu mweupe. Nikabadilisha zote nikaweka za shaba, nikasafisha vishikizo. Hakuna kingine nilichogusa, na sasa ni mwaka wa tatu.

Kwa hiyo kama huna moshi, pima kwanza. Wewe una moshi, pole.

Pajo404

Peugeot 404. Waliozaliwa juzi nawakumbusha ndiyo gari aliyoshindia Bert Shankland wa kwetu Tanzania kwenye Safari Rally 1966 na 1967. Kwa heshima hiyo sikuweka plastiki za kisasa, nilinunua ya mtindo wa kiwandani. Inapendeza ukifungua boneti, wazee wanasimama kuangalia.

Mawili tu. Moja, bei ya mtandaoni siyo bei. Kuna usafirishaji, kuna ushuru, na VAT ya asilimia 18 inapigwa juu ya jumla ya hayo. Weka pembeni hela hiyo kabla hujabonyeza. Pili, ya kiwandani inakupa na udhaifu wa kiwandani: fyuzi chache, taa kubwa zinapitia kwenye swichi. Niliongeza rilei mbili, zibebe umeme wa taa badala ya swichi. Balbu mbili za wati 60 ni wati 120, hiyo ni ampea 10 zilizokuwa zinapita kwenye swichi yenye umri wa babu yangu.

Na mwenye gari la Kiingereza aangalie fyuzi za kioo. Lucas, watengenezaji wa vifaa vya umeme vya magari hayo, wanaandika 35 wakimaanisha itakatika kwa 35, lakini inabeba 17 tu kwa muda mrefu. Ukichukua 35 ya mtengenezaji mwingine ambayo inabeba 35 mfululizo, ni kama umeweka msumari, waya itaungua kabla yake.

MzigoWaUrithi

Nimesoma yote mara mbili. Leo asubuhi nilishuka na tochi. Bodi ni hasi, kumbe mzee alishageuza. Ina altaneta. Taa ziko kwenye grili. Petroli. Fundi, ile geji ya ampea kwenye dashibodi niiache?

FundiWaya_Keko

Iache kama pambo, usiipitishie umeme. Kwenye IIA chaji yote inapita mgongoni mwa hiyo geji, na ilitengenezewa dainamo ya ampea 22 hivi. Altaneta yako inatoa zaidi ya hapo. Nadhani moshi wako ulianzia hapo, angalia zile nati mbili za nyuma kama zimebadilika rangi. Weka geji ya volti.

MzigoWaUrithi

Zimekuwa bluu. Moja ganda lake limeyeyuka kabisa.

Basi naelekea kwenye seti ya modeli hii, ya PVC, usukani wa kulia, ya altaneta, halafu boksi dogo la fyuzi sita pembeni kwa ajili ya taa kubwa, kifeni na redio. Uzi ni mzuri lakini gari langu linakwenda shamba Mkuranga, siyo maonyesho. Kufunga tutafanya na fundi, nitamfuata Keko.

Nimehesabu laini nikafika 11. Kuna moja imenishinda: kijani yenye mstari mweusi, inatoka kwenye dashibodi inapotelea chini ya kiti. Naogopa kuikata.

FundiWaya_Keko

Usiikate. Nyanyua kiti, chini yake kuna tangi. Hiyo ni ya geji ya mafuta.

MzigoWaUrithi

Miaka tisa nilijua geji ni mbovu. Imechomoka tu.