Mjadala: Nembo ya ukoo wa Kijapani ni ushahidi wa usamurai?

Wakuu, kuna mdau kaandika juzi kwamba familia ya Kijapani yenye nembo ya ukoo, wenyewe huiita kamon, lazima ni kizazi cha samurai, wale wapiganaji wa tabaka la juu wa zamani, na kwamba mgeni akiivaa kakosa adabu. Mimi nabisha.

Lori la Mitsubishi Fuso likija mbele yako barabarani, litazame usoni: almasi tatu zimegusana ncha katikati. Alama hiyo imetokana na nembo mbili, majani matatu ya mwaloni ya ukoo wa Yamauchi, watawala wa jimbo la Tosa, na almasi tatu zilizopandana za familia ya Iwasaki. Sasa Iwasaki Yataro, aliyeanzisha Mitsubishi mwaka 1870, baba wa babu yake aliuza hadhi ya usamurai kwa sababu ya madeni. Aliiuza! Hadhi ikaenda kwa mwingine, almasi zikabaki nyumbani. Yataro akazaliwa kwenye familia ya kijijini inayolima. Hapo nembo inathibitisha nini?

Enzi za Edo (1603 hadi 1868) wakulima na wafanyabiashara walizuiwa kujiita hadharani kwa majina ya ukoo, lakini nembo walikuwa nazo, wakizichora kwenye kimono na mapazia ya maduka. Waigizaji wa kabuki, tamthilia ya jadi ya Japani, ndio usiseme. Nembo ya akina Ichikawa Danjuro ni vibaba vitatu vya mraba vya kupimia mchele, kimoja ndani ya kingine, ukivitazama kwa juu. Usamurai hapo uko wapi?

Majani matatu ya Tokugawa, ukoo uliotawala enzi hizo, ndiyo yalilindwa: mwaka 1723 serikali ya shogun, yaani mtawala wa kijeshi, ilipiga marufuku wengine kuyatumia. Mtu hakatazi kisichofanyika. Na Tokugawa Ieyasu mwenyewe, shogun wa kwanza wa ukoo huo, alizaliwa Matsudaira, akabadili jina mwaka 1566 na kujinasibisha na ukoo wa kale wa Minamoto, nasaba ambayo wanahistoria wanaitilia shaka mpaka leo.

Karibuni mnipinge.

Mchangiaji: Mkuu, hoja ya kwanza nakupa, ya pili umeikwepa. Kimono nyeusi rasmi ya msibani ina nembo tano: moja mgongoni, mbili kifuani, mbili nyuma ya mikono. Mtu kaivaa kumzika mama yake. Wewe unaichapa kwenye fulana ya kuendea mpirani, halafu unasema haina mwenyewe?

Mleta mada: Kwenye fulana hapo umenibana, sibishi. Ila hata hizo kimono za msibani, wasio nazo hukodi, na za kukodi kwa kawaida huja na nembo ya mti wa kiri, majani matatu na maua juu yake. Anaivaa yeyote, haulizwi ukoo. Na kiri hiyohiyo, yenye maua mengi zaidi, ndiyo aliyotumia Toyotomi Hideyoshi, mtawala wa Japani kabla ya Ieyasu, na ndiyo nembo ya serikali ya Japani sasa hivi.