Mrejesho: yule mtoto aliyetanguliza makalio

Wapendwa, miezi miwili iliyopita niliwauliza kama mtoto aliyetanguliza makalio anaweza kuzaliwa kwa njia ya kawaida, au ni kisu tu. Nilikuwa na wiki 36, mimba ya tatu.

Wiki ya 37 daktari alijaribu kumgeuza kwa kukandamiza tumbo, mtoto akagoma. Utrasaundi ikaonyesha miguu imekunjwa juu, kidevu kifuani, kilo 3 hivi, kwa hiyo daktari akaniruhusu kujaribu njia ya kawaida. Angetanguliza mguu, ningepelekwa upasuaji. Hakunificha hatari: kichwa hutoka mwisho, kamba ya kitovu inaweza kubanwa.

Uchungu ulinianza usiku. Makalio yalipotokea, mkunga hakumvuta kabisa! Mikono kaiweka nyuma: "Sukuma uchungu ukija, mama." Baadaye akanieleza, ukimvuta mtoto mikono yake inaweza kupanda juu ya kichwa, akakwama. Kichwa tu ndicho alichokisaidia kutoka. Mtoto alikuwa mlegevu kidogo, wakamfuta kwa nguvu, akalia. Binti, kilo 2.9.

Dada uliyesema utajaribu kuzalia nyumbani, nakusihi usithubutu. Mimi nilikuwa na mkunga mzoefu, na chumba cha upasuaji kilikuwa tayari hatua chache tu.

Keshokutwa tunampeleka kupimwa nyonga, maana waliokaa hivyo tumboni huwa na hatari zaidi ya nyonga kutokaa sawa.