Nani kawaambia KA ina kazi mbili tu?!

Asalaam aleikum wadau. Nimekereka tangu juzi, wacha niseme.

Mtoto wa dada yangu kaja likizo kutoka Wete na daftari lake la fasihi. Kaulizwa maana ya "asa ukazingatia", ubeti wa mwanzo kabisa wa Utendi wa Mwana Kupona, ule wasia wa mama kwa binti yake:

Negema wangu binti
mchachefu wa sanati
upulike wasiati
asa ukazingatia

Mtoto kajibu: "huenda ukazingatia". Kapigwa mkasi mwekundu! Jibu walilopewa ni "ulizingatia", kwa sababu kijitabu chao cha marudio kinasema KA, ile silabi inayobandikwa kwenye neno, ina kazi mbili tu, wakati uliopita na udogo.

Khe! Mwana Kupona, mama mgonjwa, mwaka 1858, anamwita binti yake asogee amuusie. Wasia wenyewe hajauanza. Huyo binti keshauzingatia saa ngapi? KA hiyo ni ya kutarajia, ndiyo ile ya "huenda akaja" na "shika mtoto asije akaanguka". Hata muuza urojo anaijua.

Nikaenda Darajani nikakinunua kijitabu chenyewe, nikidhani labda mwalimu kakisoma vibaya. Wallahi bora nisingekifungua. "Kanena" na "kamjibu" za kwenye tendi zimepangwa safu moja na "katoto"! Yaani shujaa kanena, basi kanena kidogo? Jamani, mtunzi wa utendi ana mizani nane, yaani silabi nane, kwa kipande. "Akamjibu" ikimzidia anaidondosha A, inabaki "kamjibu", na msikilizaji keshajua nani anayejibu. Na hiyo "katoto" ni ya wenzetu wa bara, sie twasema kitoto. (Sina ugomvi na bara. Nina ugomvi na aliyeiingiza kwenye tendi za kale.)

Lililonitoa machozi liko ukurasa wa nyuma. "Hamwambia" wameifasiri "hakumwambia". Kinyume kabisa! NIKA ya zamani hufupishwa ikawa HA: hamwambia ni nikamwambia, hamuona ni nikamuona. Na NIKI nayo huwa HI, hifika ni nikifika. Si mambo ya kuchimbua kwenye hati za kale haya. Bibi yangu mpaka leo ukimuuliza alikokwenda atakwambia: "Hamkuta kalala, harudi zangu." Kwa kijitabu hiki, bibi yangu harudi! Sasa hiyo "zangu" wataipeleka wapi?

Ukisoma ubeti mzima wala huhitaji kijitabu. Tazama nani anasema na nini kimetangulia, utajua hii HA inakanusha au inasimulia. Lakini watoto wanapewa vipande viwili vya mstari, wakariri jedwali, basi. Na anayejibu kwa sikio alilozaliwa nalo ndiye anayepoteza alama.

Dada anasema nisiende skuli kugombana, mtoto atatiwa jicho. Sawa, nimenyamaza. Ila jana nilikirudisha kijitabu dukani nidai pesa yangu. Muuzaji hata hakuinua kichwa, kanambia: "Kamwambie aliyeandika."

Nimegeuza jalada mbele na nyuma. Jina halipo.