Mpira uko hewani, yeye anapuliza bigijii!!!

Ugali_Ughaibuni:
Wakuu, ndo nimetoka uwanjani kwenye besiboli, mikono bado inatetemeka. Jina la mrushaji wetu silitaji, mnamjua. Yule aliyesainiwa kwa hela ya kununua kata nzima na mwenyekiti wake.

Raundi ya 9, ya mwisho, tunaongoza 5-2. Taa zinazimwa, muziki unatikisa viti, mheshimiwa anatoka kule nyuma ya uwanja anatembea kama bwana harusi. Wenzake wamerusha raundi 8 mpaka mabega yamechoka, yeye kazi yake atoe wapigaji watatu tu, akalale. Wawili akawatoa. Nikaanza kutafuta funguo za gari. Mara karusha ovyo, kampa mtu besi ya bure, yaani kituo cha kwanza bila kupiga. Kampa na wa pili. Wa tatu kamtwanga mpira wa mbavu. Naye kapewa besi. Besi zimejaa, zote tatu zina watu. Straiki mbili zipo, inatakiwa MOJA mpigaji wa mwisho atoke. Karusha kitu laini katikati, kama andazi kwenye sinia. Jamaa kalipiga, likapaa.

Na yeye, mpira ukiwa juu, KAPULIZA BIGIJII. Pulizo kama kichwa cha mtoto. Likapasuka, likamganda kwenye ndevu. Mpira ukatua nje ya uwanja, wote wanne wakafunga, 6-5 wao. Sisi kurudi kupiga, tumezimwa kama koroboi.

Kufungwa nimezoea. Bigijii, wakuu! Mwanangu kaniuliza, "Baba, anafurahi?"

Mariano Rivera, yule mrushaji Mpanama wa Yankees mwenye kazi hiihii ya kumalizia, kaokoa mechi 652, 2019 wakamwingiza kwenye Ukumbi wa Magwiji bila kura hata moja kumkataa. Huyu wetu ana ndevu zenye bigijii.

Shangazi_Kaja:
Bila picha ya ndevu uzi haujakamilika.

Mzee_wa_Takwimu:
Mkuu punguza jazba. Rivera huyohuyo, 2001, mechi ya 7 ya fainali, timu ya Arizona ilimpindua raundi ya 9. Hii kazi ndivyo ilivyo, ukiokoa mara 40 hakuna anayekukumbuka.

Ugali_Ughaibuni:
Alipuliza bigijii?

Mzee_wa_Takwimu:
Hapana.

Ugali_Ughaibuni:
Asante. Kaa chini.

Binti_Pwani:
Samahani, nimesoma yote. Hii si rede tu jamani? Na watu wanalipwa?

Kobe_Mwendokasi:
Rede ina akili zaidi, angalau kuna chupa ya kujaza mchanga 😂

Mtani_Jirani:
Lawama kwa kocha. Sheria ya 2020 inamlazimisha mrushaji akabili watu watatu au raundi iishe, baada ya hapo kocha anaweza kumtoa. Huyo kakabili SITA. Kocha alikuwa anakula karanga?

Ugali_Ughaibuni:
Kocha simtetei, ila kocha hakupuliza bi

Shangazi_Kaja:
Mkuu kapata kwikwi.

Kobe_Mwendokasi:
Wewe una nafuu. Kipa wetu wa mtaani juzi kafungwa huku anapokea simu. Kaipokea kabisa, "haloo mama."

Binti_Pwani:
Kipa kitu gani. Fundi wangu wa nguo kaniambia gauni liko tayari, nafika namkuta mkewe kalivaa. Kesho ndo harusi.

Mtani_Jirani:
Lilimkaa?

Binti_Pwani:
Ndo kinachoniuma. Lilimkaa kuliko mimi.

Kobe_Mwendokasi:
Wangu kahama na kitambaa. Mita nne za kitenge na suruali ya marehemu babu aliyotakiwa kupunguza.

Shangazi_Kaja:
Mafundi wote wamoja. Binti, ukalichukua au?

Ugali_Ughaibuni:
Jamani uzi wangu

Binti_Pwani:
Nimelichukua, lina harufu ya vitunguu. Nalianika sasa hivi.